Nilichochania Mizizi ya Mparachichi

Leo nimeadhirika. Na si kuadhirika kwa bahati mbaya, kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Nimeadhirika nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na picha zenye tarehe. Shati nilikuwa nimelipiga pasi.

Nawaandikia hapa kundini mapema, kabla mke wangu, Mama Zawadi, hajawasimulia kwa namna yake. Namwona jikoni anacheka peke yake na simu iko mkononi. Kwa hiyo someni haraka.

Kwanza niwaeleze habari za mti, maana bila mti hamtaelewa.

Ghorofa ya tatu ya jengo letu hapa ugenini, mtaa wa Forest, anakaa Maman Clémentine, mama wa Lubumbashi, mjane, sauti kubwa, moyo mkubwa zaidi. Wiki sita zilizopita alisafiri kwenda kwao. Siku ya kuondoka alinishushia mparachichi wake, mti wa kimo cha mtoto wa miaka mitatu, ndani ya chungu cha buluu. Agizo lake lilikuwa moja. Gilasi moja ya maji kila Jumapili. Alilirudia mara tatu, akaninyooshea kidole.

"Papa Zawadi, paka maji. Unasikia? Paka maji."

Kwa Kiswahili cha kwao "paka" maana yake ni "tu". Maji tu. Nilimwelewa vizuri sana. (Nalisema hili sasa ili msije mkanitetea.)

Tatizo ni kwamba mimi ni mimi. Kwa miaka kumi na saba nilikagua milango katika kiwanda cha magari. Kiwanda kilipofungwa nilibaki na macho ya kutafuta kasoro, ila milango sina. Ndipo nikaanza kujisomea habari za mimea. Sikusoma chuo chochote. Nasoma mwenyewe, naandika, napima, narudia. Mke wangu ananiita Profesa. Si kwa heshima.

Jumapili ya kwanza tu niliona ncha za majani zimekuwa za kahawia. Nikanusa udongo. Ulinuka kama bomba lililoziba. Nikasema, hapa gilasi ya maji haitaponya, itaua. Nikautoa mti chunguni.

Ndugu zangu, mizizi ilikuwa imeoza. Mieusi, milaini, ukiigusa inatoka ganda kama ndizi iliyopitiliza. Labda robo tu ndiyo ilikuwa hai. Nikakata yote iliyokufa niliyoweza kuifikia. Nikaosha iliyobaki. Udongo wa zamani nikauondoa wote, nikaweka mpya, na nikauhamishia mti katika chungu cha plastiki kinachopitisha mwanga, ili niweze kuona kinachoendelea huko chini. Halafu nikaanza dozi ya vimeng'enya.

Kwa wasiojua: ni chupa ndogo ya kimiminika. Mililita mbili kwa lita moja ya maji vuguvugu. Yasiwe ya moto, kwa sababu joto huviharibu vimeng'enya na utakuwa umemwagilia bure. Hii si mbolea. Hailishi mti. Kazi yake ni kuyakuta mabaki ya mizizi iliyokufa, yale usiyoweza kuyatoa kwa mkono, na kuyakatakata hadi yawe sukari. Sukari hiyo inaliwa na vijidudu wema wa udongoni, na mzizi mpya unapata nafasi ya kupita. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu, kisha nikakifungua tena kuhakikisha. Kifo kinageuzwa sukari! Ndani ya chungu, sebuleni kwangu, karibu na televisheni!

Siku ileile ya kusafisha, katikati ya bonge la mizizi, nilikuta kitu. Hiki ndicho nilichoandika katika daftari, nanakili neno kwa neno:

"Na. 7. Chombo cha plastiki, njano, sentimita tano na nusu. Kimejifunga. Hakifunguki hata kwa kisu. Kina meno upande wa ndani, kitanzi mwishoni. Kazi yake: haijajulikana. Hali: nzuri sana."

Nilihitimisha ni zana ya watunza bustani. (Kujisomea kuna hatari zake, na moja ni kwamba hakuna mwalimu wa kukwambia "hapana".) Na kweli nilipokijaribu kilinifaa. Ile ncha yake ilipita kati ya mizizi midogo bila kuikata. Wiki sita nzima, kila nilipokagua, hicho ndicho nilichotumia kuchania mizizi ya juu na kuifukua kidogo niione. Nilikifunga uzi nikakitundika kwenye chupa ya vimeng'enya kisipotee.

Maman Clémentine sikumwandikia lolote. Nilitaka kumshtukiza.

Sasa, leo.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeamka. Nimefuta vumbi kila jani. Nimeweka mti mezani, upande wa dirisha, ili mwanga wa jua upite katikati ya chungu. Na hapo, kabla hata ya aibu, nikiri kwamba nilisimama nikashangaa upya kama mtu aliyeona theluji siku ya kwanza. Mizizi ilikuwa mieupe! Mieupe kama nyuzi za pamba, imezunguka ukuta wa chungu, na kila ncha ina kivimbe kidogo kinachong'aa, kinatafuta njia. Wiki sita tu. Nimeishi miaka hamsini na mitatu nikitazama majani.

"Unaongea na nani?" Mama Zawadi akauliza kutoka chumbani.

"Siongei."

"Umesema 'shikamoo'."

(Sikumbuki. Inawezekana.)

Saa nne na nusu kengele ikalia. Maman Clémentine huyo, kitenge kipya, ametua jana. Nyuma yake bintiye Nadège, anayekaa Anderlecht, na mgongoni mwa Nadège mjukuu, Grâce, miezi kumi, macho makubwa ya mtu anayekusanya ushahidi.

"Papa Zawadi! Maman Zawadi! Bon, nilirudia! Nilibaletea bitoyo!"

Bitoyo ni samaki wakavu wa chumvi. Mfuko mzima. Tulishukuru, tukakaa, tukaulizana habari za Lubumbashi, umeme, barabara, nani kaoa. Mimi nilikuwa nasubiri tu. Mwisho akageuka.

"Alors, muti yangu? Iko muzima?"

Nikasimama. Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza. Mama Zawadi akaniangalia kwa jicho la "fupisha". Sikufupisha.

"Maman Clémentine," nikasema, "mti ulioniachia ulikuwa unakufa."

Akashika kifua. "Unakufa?"

"Ulikuwa. Sasa njoo uone."

Nikamwita mezani. Nikashika zana yangu ya njano, ile Na. 7, nikaanza kuonyeshea kama mwalimu mwenye fimbo. Hapa mzizi wa zamani. Hapa ulipokatwa. Hapa mizizi mipya ya wiki ya nne. Maman Clémentine aliinama hadi pua ikagusa plastiki. Akanyamaza. Ninyi mnaomjua, mnajua kunyamaza kwake ni tukio.

"Eh, Mungu," akasema polepole. "Mizizi njo iko hivi? Nyeupe hivi? Minaona kama nywele ya mulaika."

Hapo nikavimba kichwa. Ningeishia hapo, ningekuwa sasa hivi nakula bitoyo kwa amani.

"Siri ni hii," nikasema, nikaigonga chupa. "Vimeng'enya. Vinakula kila kilichokufa ndani ya chungu. Udongo ule wa zamani niliutoa wote, na kabla ya kuumwaga niliupa dozi mbili nao, kama jaribio. Vimekula. Hakikubaki kitu."

Maman Clémentine akanyanyuka taratibu.

"Udongo ulitosha?"

Alikuwa anauliza kama niliutoa. "Wote," nikajibu, kwa fahari.

"Yote?"

"Mpaka punje ya mwisho."

"Na kila kitu ilikufa mule ndani, dawa yako ilikula."

"Kila kitu."

Akamgeukia Nadège. Nadège akafunika mdomo. Nikadhani ni mshangao wa kisayansi.

"Papa Zawadi," Nadège akasema kwa upole wa mtu anayetoa habari za msiba, "mu ile chungu tulizika kitovu ya Grâce."

Mtoto akapiga chafya.

Ndugu zangu, mimi ni Mnyaturu wa Singida. Kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu na nikiulizwa kwetu ni wapi, ndivyo ninavyojibu: pale kilipozikwa kitovu changu. Si jambo geni kwangu! Nimelisema mara elfu! Na haikunijia akilini hata siku moja kujiuliza mtu anayekaa ghorofa ya tatu, asiye na shamba, asiye hata na baraza, atazika wapi cha mjukuu wake. Atazika chunguni. Angezika wapi kwingine?

Maman Clémentine akakaa chini. Si kwenye kiti. Sakafuni.

"Nilimuachia muti," akaiambia sakafu. "Nilisema paka maji. Paka maji! Nani alimutuma kunawisha mizizi? Nani alimutuma dawa? Sasa huyu muntu alikula kitovu ya mutoto wangu!"

"Sikukila mimi," nikasema. "Kwa usahihi—"

"Baba Zawadi," mke wangu akasema.

"—kwa usahihi, vimeng'enya hivi vinakata nyuzi za mimea tu. Nyama haviwezi. Kwa hiyo kitovu havikukigusa kabisa."

Maman Clémentine akainua uso. Kulikuwa na tumaini ndani yake. Hata mimi nililiona.

"Donc iko?"

Na hapa, ndugu zangu, ukweli ukanitoka bila kupiga hodi.

"Hapana. Kwa hesabu zangu bakteria wa kawaida walikimaliza mwezi wa pili tu baada ya kuzikwa."

"BABA ZAWADI!"

Maman Clémentine alianza kulia. Nadège alianza kucheka, kisha kulia, kisha vyote viwili. Mimi nilisimama na daftari kama karani wa mahakama, nikijaribu kukumbuka kama kuna ukurasa unaosaidia. Hakuna ukurasa unaosaidia.

Katika vurugu hiyo Nadège alimshusha mtoto na kumweka mezani, mbele yangu. Grâce hakujali kilio. Alikuwa anakitazama kitu kimoja tu: ile fimbo yangu ya njano, niliyokuwa bado nimeishika. Akanyoosha mkono. Akaikamata. Akavuta kwa nguvu ambazo sikutegemea. Ikatoka.

Maman Clémentine akaacha kulia katikati ya pumzi.

"Ile njo nini iko nayo mu mukono?"

"Ni zana," nikasema. "Ya kuchania mizizi. Niliikuta humohumo chunguni. Sijapata jina lake."

Nadège akasogea. Akaangalia. Akaniangalia. Akaiangalia tena.

"Papa Zawadi. Ile ni pince ya kitovu. Ile bana-fungaka mutoto ku hôpital."

Kibanio cha kitovu. Kile mkunga anachobania kitovu cha mtoto akikikata. Kitovu kinakauka, kinadondoka pamoja na kibanio, na hawa walivizika vyote viwili. Hicho ndicho nilichokuwa nikichania mizizi wiki sita. Hicho ndicho nilichomwonyeshea nacho bibi wa mtoto, nikikichezesha hewani, kwa robo saa nzima! (Zawadi wetu alipozaliwa Singida, mkunga alifunga kwa uzi. Ndiyo utetezi wangu wote.)

Nilitaka sakafu ipasuke. Lakini hakuna aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wanamtazama Grâce. Alikuwa amekaa katikati ya meza yangu, mwanga unapita kwenye mizizi nyuma yake, na mkononi ameshika kitu kilichomtenga na mama yake siku ya kwanza. Anakigeuza. Anakichunguza. Kwa umakini, ndugu zangu! Kama anayekagua mlango. Sikuwahi kuona mtu akikutana na mwanzo wake mwenyewe.

Kisha akakitia mdomoni.

"Hapana! Kina vimeng'enya!" nikapiga kelele, na wanawake watatu wakamrukia kwa pamoja.

Kilipookolewa na kuoshwa (maji vuguvugu, ni mazoea), Maman Clémentine alikifunga ndani ya leso yake, akaitia leso kifuani. Akawa mtulivu. Utulivu wake ulinitisha kuliko kilio.

"Bon," akasema. "Udongo. Uliitupa wapi?"

Udongo haupokelewi kwenye mfuko wa taka wowote wa mji huu, hilo nilikuwa nimelisoma. Kwa hiyo niliushusha kwa ndoo, nikaumimina kwenye shimo la udongo linalozunguka mti wa barabarani, ule mti mkubwa wa manispaa mbele ya mlango wetu.

"Chini," nikasema. "Kwenye mti wa barabarani."

"Mu barabara ya Forest."

"Ndiyo."

Akafumba macho. Ndipo nikaelewa kilichokuwa kimemvunja. Si vimeng'enya. Si bakteria. Alitueleza pale pale, bila kupaza sauti.

"Miye nilitia mu chungu sababu chungu banaweza kuibeba. Nilisema, hapa si petu. Siku moja tutarudia kwetu, tutaibeba muti na kila kitu yake, tutaipanda mu parcelle, mu kiwanja ya babu yake. Mutoto atakuwa na kwabo. Sasa weye ulimufanya mutoto wa hapa. Bila kuuliza."

Nilifunga daftari.

Aliyejibu ni Nadège.

"Maman, na yangu? Miye pia nilizaliwa hapa. Kitovu yangu iko wapi?"

"Yako niliibeba Lubumbashi. Mu valise. Ndani ya soksi ya papa yako."

"Na iko upande gani?"

Maman Clémentine akafungua mdomo. "Ile parcelle baliuza," akasema mwishowe. "Hii safari nilienda kuangalia. Balijenga pale nyumba murefu ya étages."

Nadège akamshika mkono. "Sawa," akasema. "Tushuke tuone ya Grâce."

Tukashuka sote watano. Mimi nikabeba daftari kwa mazoea, Mama Zawadi akalichukua akalirudisha mezani.

Ule mti nimeupita kila siku kwa miaka tisa. Naujua mzingo wake, mita mbili na sentimita kumi na tatu, nilishaupima. Sikuwahi kuinua kichwa. Leo Maman Clémentine aliinua, nasi tukainua. Umekwenda juu ukapita paa letu. Majani yake machanga yalikuwa yanapitisha mwanga, kijani kama kioo cha kanisani, na shina limenyanyua mawe ya njia ya miguu kana kwamba ni karatasi. Nikafikiria mizizi yake. Kama ya mparachichi wa wiki sita inajaza chungu, hii inafika wapi? Chini ya tramu? Chini ya nyumba zetu? Nilipata kizunguzungu kidogo, nawaambia kweli. Tumesimama juu ya kitu kilicho hai, sisi na magari yetu yote.

Maman Clémentine akaweka kiganja kwenye gome.

"Iko na nguvu," akasema.

Wakati huohuo akaja bwana mmoja na mbwa wake mfupi aliyevishwa makoti mawili. Mbwa akaufikia mti. Akanusa. Akainua mguu.

"HAPANA!" Maman Clémentine akanguruma mpaka dirisha la mkabala likafunguliwa. "Imbwa! Toka! Monsieur, pas là! Kuna mutoto wangu pale!"

Yule bwana akatazama shimo la mti. Akamtazama Grâce mgongoni mwa mama yake. Akatazama shimo tena. Akambeba mbwa kwapani, mguu bado uko juu, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Nadège alijiegemeza kwenye ukuta akacheka hadi mtoto naye akacheka. Kisha Mama Zawadi. Kisha, ndugu zangu, Maman Clémentine mwenyewe, akishika mti asianguke.

Alipofuta machozi, aliinama. Akachota udongo pale chini, kiganja kilichojaa, akaufunga kwenye pembe ya kitenge. Akapanda ngazi. Nikamfuata nyuma, na kwenye ghorofa ya kwanza nikatambua anachotaka kufanya.

Kumbukeni: wiki sita. Udongo safi, niliouchemsha mwenyewe kwa mvuke. Maji niliyoyalaza usiku kucha kabla ya kuyatumia. Chungu kizima hakina ukungu hata chembe. Na yule mama anapanda na kiganja cha udongo wa barabarani! Udongo wa mbwa, wa moshi, wa kila kuvu inayojulikana kwa sayansi! Niliona nyungunyungu. Niliona kichungi cha sigara.

Akasimama mbele ya mparachichi. Akafungua pembe ya kitenge. Akanitazama.

"Docteur," akasema. "Uko na kitu ya kusema?"

Nilikuwa na kurasa tatu za kusema. Nikamtazama yeye, nikaitazama mizizi yangu mieupe, nikamtazama Grâce anayenyoosha mkono akitaka udongo.

"Sina, Maman," nikasema.

Mama Zawadi anasema hajawahi kunipenda kama dakika ile. (Ndoa yetu ina miaka ishirini na sita. Sijui nilikuwa nafanya nini muda wote huo.)

Akaumwaga udongo juu ya mizizi. Akaupigapiga kwa vidole, polepole, kama anamlaza mtu. Grâce akaachiwa akaupiga naye. Kichungi cha sigara nilikiondoa, hilo nililiombea ruhusa.

"Voilà," Maman Clémentine akasema. "Sasa mutoto iko hapa na iko pale. Tukirudia kwetu, tutabeba hii. Tusiporudia, ule haitaenda popote. Endelea na dawa yako."

"Nitaendelea," nikasema. "Dozi upya, kila siku ya kumi."

"Na ule wa chini pia."

"Maman, ule una kimo cha ghorofa nne."

"Alors? Ongeza dawa."

Nimekaa hapa tangu saa nane nikipiga hesabu. Mti wa manispaa hauhitaji vimeng'enya vyangu, unajitegemea tangu kabla sijazaliwa. Lakini nimeahidi mbele ya mashahidi, na mmoja wao ana miezi kumi na kumbukumbu kali. Kuanzia Jumamosi nitakuwa pale chini na ndoo ya maji vuguvugu. Mkipita mkanikuta nimepiga magoti barabarani, ruhusa ya kucheka nimewapa, ila vukeni barabara kwanza.